Mrejesho: Niliuliza kama nihame peke yangu au nibaki na familia

Wakuu, niliwaeleza kwamba kampuni iliyonileta ughaibuni inazima mtandao wa simu wa 3G na kitengo chetu kinavunjwa. Nikauliza kama nikubali mkataba nchi nyingine niiache familia hapa. Asanteni sana kwa ushauri. Tumebaki pamoja.

Imeniuma, sifichi. Teknolojia iliyoanza kibiashara Japani mwaka 2001, niliyoilea ujana wangu wote, masafa yake ya redio yanahamishiwa mitandao mipya ya 4G na 5G. Sehemu kubwa ya mitambo ya sasa ni programu kwenye seva, basi najifunza Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, usiku, binti yangu akifanya hesabu zake meza hiyohiyo. Juzi alinisogezea kifutio bila kuombwa. Miaka yote nilishinda minarani, namwona kwenye simu tu.

Mke wangu amepata kazi. Kibali cha ukaazi sasa kinapitia kwake.