Nalala kwenye nyumba ya miaka 500 huku Kent, Uingereza, sakafu imelala upande. Nihame?

MamaShani
Habari wadau. Namlea mzee mmoja kwenye nyumba ya shambani huku Kent, zile za mbao nyeusi na kuta nyeupe. Chumba changu ni cha juu. Juzi niliweka chungwa mlangoni, likaviringika lenyewe hadi uvunguni. Usiku mbao zinalia. Jana ukuta umebanduka nyuma ya kabati, nikachungulia: fito na udongo! Nikajiona niko kwa bibi Muheza. Mzee anasema nyumba ina zaidi ya miaka 500. Halafu kwenye nguzo kumechongwa IIII. Niendelee kulala humo au nihamie sebuleni?

SeremalaWaTanga
Lala, dada yangu. Nyumba hizo ndizo zinazonilisha.

Ukuta haubebi kitu hapo. Inayobeba ni fremu ya mwaloni: nguzo, boriti na mihimili ya mshazari. Udongo unaziba nafasi tu. Mwaloni waliuchonga ukiwa mbichi, maana ukikauka patasi inagoma. Ulimi wa boriti unaingia kwenye tundu la nguzo, unafungwa kwa kigingi cha mwaloni, msumari hakuna. Fremu inakauka ikiwa imeshasimama, inajipinda na viungo vinabana. Chungwa lako limefuata mpindo wa siku nyingi. Uogope ufa mpya, au mlango uliofunga vizuri juzi na leo umekwama.

IIII ni namba ya fundi. Fremu iliunganishwa kwanza chini, viungo vikatiwa namba, ikafumuliwa na kupelekwa kiwanjani. IIII waliipenda kuliko IV. Boriti ikigeuzwa, IV na VI zinachanganya.

Ukiruhusiwa, panda darini na tochi. Makombamoyo yakiwa na masizi, ujue hapo palikuwa ukumbi mmoja wazi hadi paani, moto katikati ya sakafu, moshi unajitafutia njia. Dohani na chumba chako vitakuwa viliongezwa baadaye. Siku ya mapumziko nenda Singleton, Sussex, jumba la makumbusho la Weald and Downland, ukaione nyumba iitwayo Bayleaf. Ni ya karne ya 15, ilitoka Chiddingstone hukohuko Kent, ikafumuliwa kupisha bwawa la Bough Beech. Madirisha hayana kioo, ni vijiti vya mbao tu na vibao vya kufungia. Nilikaa ule ukumbi moto ukiwaka, machozi yakanitoka kama niko jikoni kwa mama.

KijanaIlala
Si wapige simenti tu yaishe?

SeremalaWaTanga
Simenti ndiyo inayoziua, mdogo wangu. Udongo na chokaa vinapitisha unyevu: ukuta ukilowa, upepo unaukausha. Simenti inaachana na mbao kwa ufa mwembamba, maji yanaingia, pa kutokea hakuna. Mwaka jana nilibandua lipu ya simenti, kwa nje safi kabisa. Boriti ya chini niliichota kwa kijiko. Tukakata palipooza, tukaunga mwaloni mpya, tukakandika: udongo, majani ya ngano, mavi ya ng'ombe. Bosi wangu Mwingereza alinikuta naurusha udongo kwa kiganja badala ya kuupaka, akaniuliza nimesomea chuo gani. Nikamwambia Muheza.

MamaShani
Kumbe wa nyumbani! Nimepanda. Masizi yapo, vidole vyangu vyeusi tii. Ila nje, chini ya dirisha la jikoni, kuna kiraka cha kijivu kigumu. Nikigonga kinalia kama debe tupu.

SeremalaWaTanga
Hicho ndicho. Usikibandue! Nyingi ya nyumba hizo zinalindwa kisheria, kuzibadilisha bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai. Mwambie mzee kwanza. Akikubali, chukua bisibisi, ichomeke polepole kwenye mbao iliyo chini ya kiraka, uniambie imezama kiasi gani.

MamaShani
Mpaka kwenye mpini.