Jina Ilunga: lina maana gani, na kina Ilunga wote ni ndugu?

Baba Kijana, Katuba (Lubumbashi)
Jambo wandugu. Mke wangu amejifungua mtoto wa kiume, tumemwita Ilunga, jina la baba mkwe wangu wa Kamina. Mimi ni Musanga, Kiluba sikijui. Jirani anasema jina hili ni la wafalme, mwenzangu kazini anasema ni la mchezaji wa timu ya mpira ya Mazembe. Mtandaoni nimesoma ni "mtu anayesamehe kosa la kwanza, akavumilia la pili, la tatu hapana". Lipi la kweli? Na kina Ilunga wa mji huu ni ukoo mmoja?

Mzee wa Bukama
Hongera mwanangu, na mama mzazi apate nguvu. Hayo ya kusamehe yalienea mwaka 2004, kampuni moja ya watafsiri ya London iliposema eti ndilo neno gumu kuliko yote duniani. Mimi nimekulia ndani ya Kiluba, sikuyasikia nyumbani. Kwa Kiluba, kulunga ni kuunga.

Ufalme ni kweli, na usimulie vizuri mtoto akikua. Mbidi Kiluwe, mwindaji kutoka mashariki, alifika kwa Nkongolo, mfalme wa Waluba, akamwoa dada yake Bulanda, akazaliwa Kalala Ilunga. Kijana alipopata sifa vitani, mjomba akaona wivu. Akachimba shimo, akasimika mikuki ndani, akatandika mkeka juu, akamwita aje kucheza ngoma. Mpiga ngoma akamwonya kwa mlio wa ngoma yake. Ilunga akachoma mkuki wake kwenye mkeka, ukazama. Akakimbilia kwa baba yake, akarudi na jeshi, na Nkongolo akaishia hapo, Ilunga akatawala. Yuko pia Chibinda Ilunga, mwindaji aliyemwoa Lueji, malkia wa Walunda. Wachokwe wamechonga sanamu zake nzuri mno.

Yaya wa Kamalondo
Na Mwepu Ilunga, beki wetu! Kombe la Dunia 1974, Zaire na Brazil: alitoka ukutani akaupiga mpira kabla Wabrazil hawajapiga frikiki yao. Ulaya walicheka kwamba hajui sheria. Alizijua, alisema mwenyewe baadaye. Wachezaji walikuwa hawajalipwa, na Mobutu alikuwa amewatisha. Inaniuma hadi leo. Wengine: Sylvestre Ilunga Ilunkamba, aliyetoka kuongoza reli ya SNCC akawa waziri mkuu mwaka 2019, na Didier Ilunga-Mbenga, bingwa wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na timu ya Lakers 2009 na 2010.

Mzee wa Bukama
Wala hao si ukoo mmoja. Kwetu mtoto hupewa jina la babu, la shangazi, la mtu aliyewatendea mema. Watoto watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano. Muulize baba mkwe yeye alipewa la nani, ndiyo habari ya mtoto wako hiyo. Na uende komini kumwandikisha kabla ya siku 90.

Baba Kijana
Aksanti sana, wazee. Nimempigia simu: alipewa la mjomba wa mama yake, mtu wa reli pale Kamina. Jumatatu niko komini. Nitaandikisha Ilunga pamoja na jina la pili la baba mkwe, ijulikane ni Ilunga yupi.