Kijana mwenye usonji na ushonaji Dodoma: aanzie VETA au kwa fundi wa mtaani?

MamaNkuhungu

Wadau, habari za leo. Nahitaji ushauri wa wanaolijua jambo hili. Kijana wangu ana miaka 19, ana usonji, amesoma kitengo cha elimu maalumu hadi darasa la saba. Anaongea sentensi fupi, kusoma ni kwa shida, ila namba anazijua sana na futi ya kupimia haimtoki mkononi. Kuchomelea hakuwezekani, mlio wa grainda hauvumilii hata dakika moja. Tunafikiria ushonaji. Apelekwe VETA, yaani chuo cha ufundi stadi, moja kwa moja, au aanze kwa fundi? Na huyo fundi aambiwe nini? Wengi husema "mlete tu", kisha baada ya wiki mbili anarudishwa nyumbani.

Mwalimu_Cherehani

Mama, hongera kwa kumtazama kijana kwanza kabla ya kuchagua fani. Mimi ningesema hivi: "ushonaji" ni mpana mno. Mchagulie kazi moja ndani ya ushonaji, inayojirudia na yenye vipimo visivyobadilika. Sare za shule zinafaa kuliko nguo za wateja mmoja mmoja, ambako kila mtu ana mshono wake na hubadili mawazo katikati.

Chukua mfuko wa shati la sekondari. Kipande kinakatwa sentimita 13 kwa 16. Juu unakunja nusu sentimita, kisha sentimita 2.5, unashona pindo. Halafu weka katikati kadi ngumu ya sentimita 11 kwa 12, kunjia kitambaa juu yake pande tatu zilizobaki, piga pasi, toa kadi. Hapo hakuna kukisia wala kuulizana kama imenyooka. Unauweka mfuko kwenye alama mbili za chaki, unabana kwa pini, unashona milimita 2 kutoka ukingoni, na kona mbili za juu unazikaza kwa pembetatu ndogo. Mwisho unakata nyuzi.

Mfundisheni kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Fundi anafanya hatua zote, kijana anakata nyuzi na kuweka shati kwenye boksi la zilizokamilika. Akifanya mashati 10 mfululizo bila kukumbushwa, apewe hatua inayotangulia, yaani kushona mfuko, kisha kubana pini, kisha pasi. Hivyo kila zamu anaiona kazi imeisha mikononi mwake. Ukianzia mwanzo, atakata vipande siku nzima bila kujua vinaelekea wapi, na wengi huchoka hapo.

Aanze na cherehani cha miguu. Mota za zamani za viwandani huvuma muda wote hata kama hushoni, na ukikanyaga pedali kinaruka. Ikilazimu umeme, tafuteni kile chenye mota ya servo, hutulia kimya mguu ukiondoka. Ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa, iache kwanza, ina kelele na ina kisu. Kwenye meza ya cherehani bandika utepe wa rangi sentimita 1 kulia kwa sindano, ukingo wa kitambaa ufuate utepe huo. Sindano namba 14 kwa tetroni ya mashati, namba 16 kwa drili ya kaptula.

Sasa penye kuharibika: uzi. Ukikatika, au ukijisokota chini ya kitambaa, kijana atasimama palepale, na fundi atadhani amegoma. Mara nyingi sababu ni kwamba uzi wa juu ulipitishwa huku mguu wa kubania (chuma cha cherehani kinachoshika kitambaa) ukiwa chini, ukashindwa kuingia kwenye visahani vya kukazia. Tengenezeni kadi ya picha nne: inua mguu, toa uzi wote, pitisha upya, jaribu kwenye kipande chakavu. Iwekewe laminesheni na ining'inie kwenye cherehani chenyewe, isikae drooni.

TibaKazi_Dom

Aliyosema mwalimu yanashika upande wa mikono. Wanaorudishwa baada ya wiki mbili huangushwa na mambo mengine. Kwenye karakana zetu mwanafunzi hutumwa: kalete chai, kachenji elfu kumi, msindikize mteja hadi stendi. Kijana mwenye usonji anaweza kushona vizuri kuliko wenzake, akaonekana hafai kwa sababu hatumiki hivyo. Lisemwe siku ya kwanza, mbele ya wote: huyu hatumwi nje, kazi yake ipo mezani.

Maneno nayo yawe na mwisho unaoonekana. "Subiri kidogo" haina kipimo, sema "subiri mpaka mshale mrefu ufike 6". "Malizia hizo" igeuzwe kuwa mashati 8 ndani ya beseni. Beseni likiwa tupu ni mapumziko. Kazi ikibadilika ghafla, mwonyesheni picha ya kazi mpya kabla ya kuondoa ile ya zamani. Na awe na kadi ya "naomba msaada", maana kijana asiyeongea sana hukaa na tatizo hadi limzidi.

Akae akitazama ukuta, mbali na mlango na redio. Oktoba na Novemba joto chini ya bati la Dodoma linamchosha yeyote. Kwake linaweza kuwa ndilo linalomvuruga, kwa hiyo saa za asubuhi ni bora. Akizidiwa, akaziba masikio au kupiga kelele, msimkemee wala kumshika kwa nguvu. Kama cherehani ni cha umeme, zimeni kwanza. Abaki mtu mmoja anayemfahamu, maneno machache, mahali tulivu mlikokubaliana mapema.

Karakana_Majengo

Niongeze upande wa mwenye kazi. Msimlete Desemba. Hapo sare zinagombaniwa kwa ajili ya Januari na hakuna atakayekuwa na subira. Leteni Februari au Machi, kazi ikipungua. Ombeni majaribio ya wiki mbili, kwa muda wa saa tatu kila asubuhi, na kitambaa cha kujifunzia mje nacho, hata mashuka chakavu. Fundi asiyeogopa hasara ya kitambaa hufundisha kwa utulivu.

Malipo yaandikwe: kiasi gani kwa kila mfuko unaopita ukaguzi, analipwa lini, kwa namba gani ya simu. Majaribio yakiisha na mifuko yake ikawa inauzwa, alipwe sawa na mwingine. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu wapo vijana wanaoitwa "mwanafunzi" mwaka hadi mwaka huku kazi yao inavaliwa mashuleni.

UstawiKata

Kuhusu VETA, si lazima mchague kimoja. VETA ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo: mtu aliyejifunza kwa fundi anapimwa kwa vitendo na kupewa cheti. Kwa kijana huyu ningeanza na fundi, cheti kifuate. Mkipenda bweni, Chuo cha Sabasaba kilichopo Singida ni cha serikali na kinalenga watu wenye ulemavu. Nendeni mkaone kwanza kelele na idadi ya wanafunzi darasani.

Karatasi za kushughulikia sasa: namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), kwani bila hiyo hasajili laini na hawezi kulipwa kwa simu kwa jina lake. Maelezo ya daktari (wa afya ya akili wapo hospitali ya Mirembe). Kisha ofisi ya ustawi wa jamii, aandikishwe. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Karakana ndogo haiguswi na kifungu hicho, ila viwanda na taasisi zinaguswa, na huko ndiko barua ya maombi iende akishakuwa na kazi za kuonyesha. Katika ile mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 2 kati ya hizo 10 ni ya watu wenye ulemavu. Inafaa baadaye kwa kununua cherehani.

MamaNkuhungu

Asanteni sana, Mungu awabariki. Swali moja: mimi nikae naye karakanani au nimwache?

TibaKazi_Dom

Usikae wewe, mama, kama kuna mwingine. Mzazi akiwepo, fundi humwelekeza mzazi na kijana humsikiliza mzazi. Tafuta ndugu au kijana wa kanisani au msikitini mwenye utulivu. Wiki ya kwanza akae pembeni yake, ya pili akae mlangoni, kisha aje saa ya kuanza na ya kufunga tu. Msaada apunguze kwa mpangilio: kwanza anaongoza mkono, halafu anaonyesha kwa kidole, halafu anaigusa kadi ya picha bila kusema. Kabla hajaondoka kabisa, fundi mmoja wa palepale awe tayari anajua kadi zote, na awepo wa pili wa kushika nafasi siku huyo akiwa msibani.