Mbwa kuzaa kwa kisu: pauni 2,880 usiku mmoja, someni kabla hamjapandisha

Kutoka: Mama Wawili, Reading

Habarini za wikiendi wanajumuiya, wakubwa wote shikamooni. Najua kuna watakaocheka, mbwa tena jamani, lakini nikipita nyumba za wenzetu hapa Uingereza naona mbwa kibao siku hizi, watoto wameshatushinda, na wengi ni wale wa pua bapa, Frenchie, kama wa kwangu. Nisomeni mpaka mwisho maana ada nimeshalipa mimi.

Mbwa wetu ana miaka mitatu. Binti yangu akanishawishi tumpandishe mara moja tu, watoto wanauzika, tutapata hela ya tiketi za Dar Desemba. Dume tukalilipia pauni 400. Mimba ikaenda vizuri kabisa, tumbo kama boga, mimi nikasema huyu atazaa jikoni kama mbwa wa bibi yangu kule Korogwe, yule alikuwa anachimba shimo nyuma ya banda la kuku, asubuhi unakuta sita wananyonya hakuna aliyeitwa.

Basi Jumamosi saa nne usiku uchungu ukaanza, anahema, anakwaruza zulia, anasukuma hakitoki kitu. Ilipofika saa sita na nusu akatokwa na majimaji ya kijani kibichi, taulo jeupe likawa kama nimelichovya kwenye maji ya mchicha, na mtoto hata mmoja hajatoka. Napiga kliniki yetu ya mtaani, inajibu mashine, inanipa namba ya hospitali ya dharura dakika 40 kwa gari. Huko wakapiga eksirei, watoto watano, wa kwanza kakwama kichwa. Daktari akaleta karatasi ya makadirio, chini pauni 2,400 juu 3,300, weka sahihi hapa, na nusu unalipa sasa hivi kabla hajaingizwa ndani. Saa nane usiku, simu ina chaji asilimia tatu, mbwa anakukodolea macho, utabishana nini na mtu.

Bili hii hapa nainakili kama ilivyo, VAT ya asilimia 20 imo ndani: kumwona daktari usiku 268, eksirei 312, vipimo vya damu 145, upasuaji na nusu kaputi 1,740, dripu na dawa 226, kulazwa mpaka asubuhi 189. Jumla 2,880. Watoto wanne wazima, yule aliyekwama hakupona, nesi alimsugua na taulo karibu dakika ishirini, anasugua anampulizia, anasugua tena, mpaka nikamwambia mwenyewe basi dada yangu inatosha.

Bima nilikuwa nalipa 41 kila mwezi nikijiona mjanja. Asubuhi nawapigia, naambiwa mimba na kuzaa havimo, imeandikwa. Nimeuliza wenzangu kazini wenye bima tofauti na zao ni hivyo hivyo. Sasa kilichoniuma kuliko vyote, Jumatatu nimeuliza kliniki yetu upasuaji huo huo ukipangwa mchana siku ya kazi ni bei gani, wakaniambia 1,350. Yaani kisu ni kile kile, nilicholipia zaidi ni saa nane ya usiku. Mwenye mbwa wa aina hii asingoje uchungu kama nilivyongoja mimi.

*

Kutoka: Baba Chuma, Leeds

Pole sana dada. Lakini nanyi mnajitakia haha, mbwa analala kwenye kochi kuliko mgeni. Swali kwa wajuzi, si kuna ile sindano ya kuongeza uchungu? Nyumbani mzee wangu alikuwa anawachoma ng'ombe, ndama anatoka. Nasikia mitandaoni inapatikana, mtu si awe nayo tu kwenye friji aokoe hiyo elfu mbili?

*

Kutoka: Mchungaji wa Zamani, Birmingham

Baba Chuma tafadhali sana, hapana. Mimi nilisoma udaktari wa mifugo SUA pale Morogoro, hapa sijakaa ule mtihani wao wa usajili kwa hiyo nafanya kazi kama msaidizi kliniki, lakini hili nalijua. Hiyo sindano ni oksitosini, inaukamua mji wa mimba. Mtoto kakwama kwenye nyonga halafu wewe unaukamua, mji unaweza kupasuka, na watoto waliobaki ndani wanakosa hewa. Hata daktari anahakikisha kwanza njia iko wazi, na mara nyingi anapima kalsiamu maana kuna mbwa uchungu unakata kwa sababu kalsiamu imeshuka tu, huyo akiongezewa anaendelea mwenyewe na kisu hakihitajiki.

Mama Wawili pole, na ulifanya sawa kukimbia. Ule ukijani ni rangi inayotoka pale kondo linapoachia. Ukiuona baada ya mtoto wa kwanza kuzaliwa ni kawaida, ukiuona kabla, mtoto wa ndani hana muda. Vingine vya kukimbilia: anasukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto, au yamepita masaa mawili toka wa mwisho na unajua wengine wamo. Ndiyo maana eksirei ya mwisho wa mimba, kuanzia kama siku ya 55, siyo hela ya kutupa, unahesabu mafuvu, unajua unangoja wangapi.

Na kuhusu Frenchie tuseme ukweli. Kuna utafiti ulichapishwa 2010 hapa hapa Uingereza, Frenchie, Bulldog na Boston Terrier zaidi ya asilimia 80 ya mizao yao ilikuwa kwa upasuaji. Tumewatengeneza kichwa kikubwa nyonga nyembamba, njia ndogo mzigo mkubwa. Kwa hiyo kwa mbwa hawa kisu ndiyo hesabu ya mwanzo kabisa kabla hujalipia dume. Kinachofanyika: wakati wa kupandisha inapimwa homoni ya projesteroni kwenye damu, unajua yai lilitoka lini, kutoka hapo ni siku kama 63, upasuaji unapangwa Jumanne asubuhi daktari kanywa chai yake. Ukikisia tu kwa siku aliyopandwa unaweza kukosea kwa siku kadhaa, na watoto wakitolewa mapema mapafu hayajakomaa. Themometa nayo ni rafiki, wiki ya mwisho mpime asubuhi na jioni, joto likishuka chini ya 37 na kidogo jua ndani ya siku moja hivi mambo yanaanza, piga simu kliniki wakati bado iko wazi.

*

Kutoka: Bi Mkubwa, Hamburg

Salamu zenu nyote. Huku Ujerumani msidhani ni rahisi, ila angalau bei haifichwi. Kuna waraka wa serikali wa ada za madaktari wa wanyama, unaitwa GOT, mpya ulianza tarehe 22 Novemba 2022 na bei zikaruka kweli kweli. Daktari anaruhusiwa kukutoza mara moja mpaka mara tatu ya kima kilichoandikwa. Usiku, wikiendi na sikukuu ni mara mbili mpaka mara nne, juu yake ada ya dharura euro 50, halafu kodi. Na hata umlilie vipi hashuki chini ya kima, ni sheria. Kwa hiyo lile la Mama Wawili la saa nane ya usiku, kwetu limeandikwa kabisa kwenye karatasi.

Mimi ni mtu wa Mombasa na nyumbani mbwa haingii ndani, huyu ni wa mume wangu mimi nampa chakula tu, lakini kusema haki alipolazwa nililia.

*

Kutoka: Kaka wa Columbus

Wakuu, hapa Marekani pia wanataka dipoziti kwanza. Angalizo moja tu, pale mapokezi watakupa fomu ya kadi ya mkopo wa matibabu, miezi sita bila riba. Soma vizuri. Nyingi ya hizo usipomaliza lote ndani ya muda, riba inahesabiwa kurudi nyuma mpaka siku ya kwanza. Nilibakiza dola 90 nikapigwa riba ya nusu mwaka mzima.

*

Kutoka: Mama Wawili, Reading

Asanteni wote, Mchungaji Mungu akubariki, ningekusoma mwezi wa tatu nisingekuwa hapa.

Kwa walionipigia pembeni kuuliza msaada: PDSA, lile shirika la hisani la kutibu wanyama, wapo ila ni kwa wanaopokea misaada fulani ya serikali na wakae eneo lao la huduma, mimi sikuingia. Hospitali yenyewe imekubali nusu iliyobaki nilipe kwa miezi sita bila riba, niliomba kwa maandishi siku ile ile kabla sijatoka mlangoni, nadhani ukishaondoka inakuwa ngumu. Na kama mlikuwa mnajiuliza mbona bei zote zinafanana, CMA, wale wa ushindani wa biashara, walianza kuangalia soko hili Septemba 2023, wakafungua uchunguzi rasmi Mei 2024. Mwaka 2013 makampuni makubwa yalikuwa na kama kliniki moja kati ya kumi, sasa ni karibu asilimia 60. Kliniki yetu ya mtaani bado ina jina la mzee aliyeianzisha, kumbe iliuzwa zamani.

Baba Chuma umeniuliza faida. Haya. Nilipanga 900 kwa kila mtoto, wanne 3,600. Toa 2,880, toa 400 za dume, imebaki 320, na hapo sijahesabu maziwa ya unga, chanjo, dawa ya minyoo, na chipu ya utambulisho ambayo lazima iwe imewekwa kabla hawajafika wiki nane. Na nimeshalala sakafuni wiki mbili, mama mtu alikuwa bado na nusu kaputi kichwani siku ya kwanza, hataki kuwanyonyesha, anawaangalia kama wageni wasio na taarifa, ikabidi nimlaze ubavu nimshike huku binti anawapachika mmoja mmoja kwenye chuchu, kila masaa mawili. Mmoja mdogo kuliko wenzake nilikuwa namlaza na chupa ya maji ya moto niliyoizungushia soksi ya mume wangu.

Kuna aliyeniandikia kwamba nimpandishe tena mwakani nirudishe hela. Kwanza Kennel Club, wale wanaosajili mbwa wa asili, hawasajili watoto kama mama ameshapasuliwa mara mbili, na ukifika mizao mitatu ndani ya miezi 12 lazima leseni ya halmashauri, na hata chini ya hapo wakiona unafanya biashara. Pili nimeshapiga simu kliniki. Tarehe 14 wanamfunga kizazi, mchana, siku ya kazi, na bei nimeandikiwa.