Naomba ushauri: kutoka Lubumbashi kwenda Bukama na ziwa Kisale

Wandugu, jambo kwenu. Kiangazi hiki mimi na yaya wangu (ndugu yangu mkubwa) tunataka kwenda kuona mabwawa ya Upemba, kule ambako mto Lualaba unatawanyika kuwa maziwa na mafunjo. Hamu kubwa ni Kisale, maana wavuvi wa huko hujenga hata juu ya visiwa vya majani vinavyoelea. Halafu Sanga, kandokando ya ziwa hilo, ambako wataalamu walianza kuchimba makaburi ya kale mwaka 1957, wakakuta vyungu na misalaba midogo ya shaba. Misalaba ile ile iko kwenye bendera ya zamani ya Katanga, lakini ni wangapi kati yetu tumefika ilikochimbuliwa?

Waliokwisha kwenda: mpaka Bukama, treni au gari? (Yaya hataki kusikia habari ya lori.) Kutoka hapo kwenda Kikondja, kwenye ziwa Kisale, kuna boti ya abiria au tukodi pirogi yenye injini? Sanga tutaona kitu, au vyote viko makumbusho? Na tumwone chifu kwanza, na zawadi gani?

Usalama upande wa hifadhi ya wanyama ya Upemba pia, tafadhali mseme kweli.