Saa imehesabu kalori zangu za mapumziko ikiwa mezani, inapima kweli?

bint_hamidu: Wakuu habari zenu. Nina saa smati, kila siku inaniandikia kalori za mapumziko 1,400, zile mwili unatumia hata ukilala tu. Juzi nimeisahau mezani usiku kucha, asubuhi nakuta imeshahesabu 460 na kitu wakati haikuwa mkononi kabisa! Na mimi chakula chote nimepanga kwa hiyo namba, uzito umegoma mwezi wa pili huu. Inapima au inakisia?

Mzee wa Mbio: Inapiga hesabu tu dada. Ulipoisajili si iliuliza uzito, urefu, umri na jinsia? Tupe zako.

bint_hamidu: Kilo 70, sentimita 165, miaka 34.

Mzee wa Mbio: Haya, chukua fomula ya Mifflin ya 1990, kwa mwanamke ni uzito mara 10, jumlisha urefu mara 6.25, toa umri mara 5, toa 161. Yaani 700 + 1,031 - 170 - 161 = 1,400. Umeona? Hata ungeivalisha mto ingetoa hiyohiyo.

daktari_mtarajiwa: Naongezea hapo. Kupima kwenyewe unalala chali bila kula tangu jana yake, unafunikwa kichwa na kuba la plastiki, mashine inasoma oksijeni uliyotumia na kabonidioksaidi uliyotoa, kalori zinapatikana humo. Saa ina taa ya kijani ya kusoma mapigo na kihisi cha mwendo basi, na ile oksijeni ya damu inayoonyesha isikuchanganye, si oksijeni mwili uliyotumia. Watu wawili wenye kilo, urefu na umri sawa wanaweza kupishana sana, misuli tu inatosha kuwatofautisha, bado tezi la shingo. Stanford kule Marekani 2017 walijaribu saa 7, mapigo nyingi zilisoma vizuri, ila kwenye kalori hata iliyoongoza ilikosea wastani wa asilimia 27, na hapo ni watu wakiwa mazoezini.

Mzee wa Mbio: Kwa hiyo dada usiitupe, mapigo iamini. Ila chakula panga kwa mzani, andika unachokula wiki 3, jipime asubuhi kabla ya chai, wastani wa wiki usiposhuka punguza kidogo. Na kama unabisha ingia kwenye profaili uandike kilo 80 uone.

bint_hamidu: Nimeandika 80. Imeruka 1,500 hapohapo, na bado nimekaa kwenye kiti kilekile.