Mrejesho: Tigrex kanaswa

Niliuliza kwa nini Tigrex, zimwi la kuwindwa kwenye gemu la Monster Hunter Freedom Unite la PSP (kifaa cha gemu cha mkononi), anatuzimisha mara tatu, misheni inafeli kabla ya dakika 50. Wakuu, asanteni sana, imekubali!

Kosa lilikuwa kusimama mbele yake. Akikurupuka, kimbilia ubavuni, umkate akisimama. Silaha ya umeme ndiyo inayomuuma. Mabomu ya mwanga, ya kumpofusha, hubebwa 5 tu, kwa hiyo beba pia wadudu wa mwanga na maganda ya bomu, uchanganye upate mengine hukohuko porini.

Akianza kuchechemea acha kumkata, utamuua, na sisi tunataka kumnasa hai. Mfuate, tega mtego wa shoti ya umeme, akinasa rusha mabomu 2 ya usingizi. Moja halitoshi.

Jumamosi tunarudia wanne, hapahapa Majengo, Moshi.